Noah "new model" ni ya mwaka gani? Matangazo yaandike namba ya modeli

Mhariri,

Ukurasa wa matangazo madogo wa gazeti lako haukosi Noah, lile gari la familia la Toyota lenye safu tatu za viti. "Noah new model, namba D, AC full, ilikuwa inaendeshwa na mama, bei maelewano." Mnunuzi akimaliza kusoma hajajua chochote cha kumsaidia. Namba D inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haionyeshi lilitengenezwa lini. AC ya gari lililoegeshwa kivulini hupoza vizuri siku zote. Na hiyo "new model" ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Sokoni "old model" ni ile Noah ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele. "New model" ni iliyokuja baada yake, na ilizinduliwa Japani Novemba 2001. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo leo ana leseni yake ya udereva, lakini gari bado linaitwa jipya. Baada ya hilo yamekuja mengine matatu, la 2007, la 2014 na la 2022, na yote yanauzwa kwa jina lilelile.

Ombi letu ni dogo. Kila tangazo la Noah au la Voxy, pacha wake, liandike namba ya modeli. Hatusemi namba nzima ya chesisi, maana matapeli nao wanasoma magazeti. Tunataka zile herufi na tarakimu zilizoko kabla ya kistari: SR40, AZR60, ZRR70, ZRR80, ZWR80. Muuzaji hana haja ya kwenda kwa fundi kuitafuta. Imo kwenye kadi ya gari, pale mwanzoni mwa namba ya chesisi, na imo pia kwenye kibati cha Toyota kilichopigiliwa kwenye bodi. Tutaeleza kwa nini herufi na tarakimu hizo chache zina thamani kuliko sentensi nzima ya sifa.

Aliyeichora Noah alishika rula kabla ya penseli. Japani gari dogo likizidi urefu wa mita 4.70, upana wa mita 1.70, kimo cha mita 2 au injini ya cc 2,000, linatoka kundi la namba za usajili zinazoanza na 5 na kuingia kundi la 3. Kwa familia yenye maegesho finyu na mtaa mwembamba, ile 5 ni alama ya gari linaloingia nyumbani bila kukwaruza ukuta. Ndiyo maana Noah nyingi zina upana wa milimita 1,695, pungufu ya mpaka kwa milimita tano tu. La 2022 ndilo lililovuka kwa matoleo yake yote, likafika 1,730; kabla yake ni matoleo ya kispoti tu yaliyovuka. Na ndiyo maana injini zake za petroli hazikuzidi cc 2,000, jambo ambalo kwa bahati limetufaa na sisi, kwa kuwa ushuru wa bidhaa hapa nao hupanda injini ikivuka hapo.

SR40, ile old model ya Oktoba 1996, inasukumwa na tairi za nyuma kwa injini ya 3S-FE. Mlango wa kusereka uko upande wa kushoto peke yake, ili mtoto ashukie pembezoni mwa barabara, na kwa kuwa Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, mpango huo hapa haukuharibika. Ukiinua kiti cha mbele injini hiyo hapo. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ni gari lisilo na siri nyingi, na fundi wa Babati au wa Same analifungua bila kompyuta.

Mwaka uleule wa 1996 Honda ilikuwa imeshatoa Stepwgn, injini mbele, tairi za mbele zinavuta, sakafu tambarare kutoka kiti cha dereva hadi buti. Familia zikaipenda. Toyota ilipojibu 2001 haikuifanyia marekebisho Noah ya zamani. Ilitengeneza gari lingine kabisa na kulipa jina lilelile. (Kuangaliana huko ni kwa kawaida yao. Wish ya Januari 2003 ilitoka na urefu, upana na kimo sawasawa na Honda Stream, hadi milimita ya mwisho.) Kwa hiyo mtu anayetoka kwenye SR40 akanunua AZR60 akidhani amepanda ngazi ya gari lilelile, ameuziwa jina.

Hapohapo tumalize na suala la Voxy. Noah iliuzwa kwenye maduka ya Corolla, Voxy kwenye maduka ya Netz. Kila mtandao wa maduka ulitaka sura yake: taa, bampa na grili kwa baba kijana asiyetaka kuonekana anaendesha gari la watoto. Mwaka 2014 wakaongeza pacha wa tatu, Esquire, yenye nikeli nyingi mbele, kwa mitandao mingine miwili ya maduka. Mei 2020 Toyota iliruhusu kila duka kuuza kila gari, na Esquire haikuchukua muda ikaondolewa. Chini ya bodi ni gari moja. Anayekuambia shokapu za Voxy ni ghali kuliko za Noah ya modeli ileile, mwombe akuonyeshe namba ya spea kwenye maboksi yote mawili.

Sasa AZR60, na hapa tutakaa kidogo, maana ndiyo inayoleta watu gereji wakiwa na sura za msiba. Inabeba 1AZ-FSE, injini ya D-4. Kwenye 3S nozeli inamwaga petroli nyuma ya valvu za kuingizia hewa, na petroli inaziosha kila inapopita. D-4 inamwaga ndani ya silinda moja kwa moja, kwa presha inayozidi bar 80, wakati ile ya zamani inafanya kazi kwa bar 3 hivi. Valvu haziguswi na petroli maisha yake yote. Zinachopata ni mvuke wa oili na masizi yanayorudishwa na EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na vitu hivyo viwili vikikutana juu ya chuma cha moto vinaganda kama ukoko wa sufuria. Ukifungua manifodi ya gari lililotembea kilomita 150,000 bila kusafishwa unakuta shingo za valvu zimenenepa na njia ya hewa imepungua.

Dalili zake zinafanana na za magonjwa mengine, ndipo hela inapoanza kuungua. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka kwenye foleni. Gari linazima ukiachia mafuta. Asubuhi linatetemeka, mlimani halina nguvu. Mwenye gari anauziwa plagi, kisha koili, kisha anaoshewa throto, kisha anaambiwa kompyuta imeungua. Kazi yenyewe ni hii. Toa manifodi. Zungusha krenki mpaka valvu mbili za kuingizia za silinda unayoishughulikia ziwe zimefunga. Jaza dawa ya kuyeyusha masizi, acha dakika 30, kwangua kwa brashi na kijiti kisichokwaruza, nyonya uchafu wote kabla ya kuhamia silinda inayofuata. Silinda nne, valvu nane. Safisha na vile vipepeo vya ndani ya manifodi pamoja na EGR, rudisha kwa gasketi mpya. Ni kazi ya siku nzima ya fundi asiye na haraka. Ile njia ya mkato ya kupuliza dawa injini ikiwaka inafaa kwa masizi mepesi tu. Kipande kigumu kikibanduka kinaweza kunasa kwenye kiti cha valvu, na hapo silinda inapoteza kompresheni.

La pili ni pampu ya presha kubwa, ile inayoendeshwa na kemshafti. Sili yake ikichoka, petroli inashuka kwenye oili. Mnunuzi anaweza kulipima hili mwenyewe kabla ya kumwita fundi. Chomoa stiki ya oili injini ikiwa imepoa. Ikiwa kiwango kimepita alama ya F na muuzaji anaapa hajaongeza, nusa. Harufu ya petroli haijifichi. Dondosha tone moja kwenye karatasi ya chooni: oili nzima inabaki na kitovu cheusi, iliyoingia petroli inatawanyika na kuacha duara pana jepesi pembeni. Gari la namna hiyo likiendeshwa, beringi za krenki zinakufa kimyakimya. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, au yenye maji, inaharakisha yote, kwa sababu pampu hii haina kilainishi kingine zaidi ya petroli inayopita ndani yake.

La tatu ni boliti za silinda hedi. Bloku ni ya aluminiamu, na nyuzi za matundu ya upande wa nyuma, ule unaotazama dashibodi, hulegea na kutoka na boliti yake. Gari linapunguza kulanti, yaani maji ya kupozea injini, na chini hakuna tone. Chukua kioo kidogo na tochi, mulika nyuma ya injini pale hedi inapokaa juu ya bloku; ukiona michirizi mikavu ya waridi au nyeupe, umeshapata jibu. Kusaga hedi na kuweka gasketi mpya bila kushughulikia matundu ni kutupa fedha, maana boliti haitashika tena kwa nguvu inayotakiwa. Dawa ni kutoboa matundu yote kumi, si yale mawili yaliyoharibika tu, kuingiza nyuzi za chuma na kufunga boliti mpya kwa toki renchi kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia katikati kwenda nje. Na tafadhali, temostati irudishwe. Ule utaratibu wa kuitoa "kwa sababu huku kuna joto" unaifanya injini iende nyuzi joto chini ya 80, kompyuta inaongeza petroli ikidhani bado ni asubuhi, na masizi yaleyale tuliyoyasema yanaongezeka.

Gia nazo. AZR60 za mwanzo zina otomatiki ya gia nne. Kuanzia marekebisho ya Agosti 2004 zikaja na CVT, otomatiki isiyo na gia za ngazi. Kwa macho gari ni lilelile, taa na bampa zimebadilika kidogo tu. Kwenye nyaraka za Japani za mwanzo zimeandikwa TA-AZR60G, za baadaye CBA-AZR60G. Hakika zaidi soma mstari wa TRANS kwenye kibati: herufi K na tarakimu tatu, kama K111, ni CVT. Otomatiki ya kawaida inatumia oili ya T-IV, ambayo kazi yake ni kuhudumia klachi. CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Ukiweka T-IV humo mkanda unateleza, puli zinachorwa mistari, gari linaanza kuvuma na kujikongoja likiondoka. Hakuna kuosha kutakakofuta mistari hiyo. Oili ya CVT ikimwagwa kwa boliti ya chini hutoka kama lita 4 tu, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo kubadilisha mara mbili kwa kuachana kilomita elfu moja ni busara kwa gari ambalo historia yake haijulikani. Usipime wala kuongeza ikiwa ya moto sana. Kiwango cha kweli kinasomwa kwenye joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari.

ZRR70 ya 2007 iliondokana na D-4, na wengi wanaoiulizia kwa majina ya mtaani hawajui kuwa hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Nozeli zilirudi nje ya silinda. Kuna injini mbili: 3ZR-FE, na 3ZR-FAE yenye Valvematic, inayopunguza na kuongeza kimo cha kufunguka kwa valvu. FAE ina nguvu zaidi na inakunywa kidogo, ila ina mota yake ya kompyuta juu ya hedi, na namba ya hitilafu P1047 ikitokea kwenye mashine ya kupimia, mfuko ujiandae. Oili iliyokaa muda mrefu ni adui wake mkubwa. Lita 4.2 za 5W-30 au 0W-20 pamoja na filta, kila kilomita 5,000 kwa vumbi letu, ni nafuu kuliko mota hiyo.

ZRR80 tutaipita haraka: injini ni ileile FAE, sakafu imeshushwa, kupanda kwa bibi na mtoto ni rahisi. ZWR80 ni haibridi, petroli ikisaidiana na mota ya umeme, ya cc 1,800, na betri lake kubwa liko chini ya viti vya mbele likipozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Tundu la kuvutia hewa hiyo likizibwa na mkeka au gunia, betri linachemka. Anayenunua ZWR80 kubebea mkaa amekosea gari.

Uzito ndio jambo ambalo hakuna tangazo linaloligusa. "Watu nane" ya Japani inahesabiwa kwa kilo 55 kila kiti. Nane mara 55 ni kilo 440, na hapo ndipo springi, breki na bushi za Noah zilipopigiwa hesabu. Watu wazima nane wa kilo 70 ni 560 kabla ya mfuko wa mchele na mkungu wa ndizi. Huku kaskazini Noah zinazobeba abiria zinaweka wanne kwenye kiti cha watatu, na konda juu yao. Nuhu mwenyewe alipakia wawili wawili. Gari lililofanya kazi hiyo miaka mitatu linasuguliwa, linabandikwa vitambaa vipya vya viti na kuingia gazetini kama gari la familia. Litazame kwa nyuma likiwa tupu: kama tairi za nyuma zimeinama ndani kwa juu na zimelika upande wa ndani, mhimili wa nyuma umechoka. Shika breki ghafla kwenye uwanja mtupu. Nyuma ikicheza kushoto na kulia, bushi mbili kubwa za mhimili zimepasuka. Inua zulia chini ya viti vya nyuma uone kama kuna matundu ya boliti yasiyo ya kiwandani.

Spesa za kuinua gari haziongezi nguvu ya springi hata kidogo. Zinaongeza kimo, na mbele zinapinda pembe ya ekseli, ndipo sivii joint, viungo vya ekseli hiyo, zinaanza kulia ukikata kona. Anayebeba mizigo kweli aweke springi za nyuma ngumu zaidi na shokapu mpya kwa jozi. Tairi nazo zisomwe. 195/65R15 yenye alama 91 inabeba kilo 615 kila moja. Ya 185/65R15 yenye 88 inabeba 560, na inaingia kwenye rimu ileile bila mtu kugundua.

Mlango wa umeme unaharibika kwa vumbi la reli ya chini. Grisi nzito humo inakamata mchanga na kuwa msasa. Futa reli kwa kitambaa, badilisha kigurudumu kikianza kugonga, na waya wa kuvutia ukikatika zima swichi kuu kwenye dashibodi, mlango utasukumwa kwa mkono bila tabu.

Kuhusu kilomita, dashibodi isiwe shahidi pekee. Cheti cha Japani cha kuliondoa gari kwenye usajili kwa ajili ya kulipeleka nje huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao. Cheti hicho huja na gari, na muuzaji aliyeagiza mwenyewe anacho. Akisema kimepotea, bei ihesabiwe kama gari lisilojulikana limetembea kiasi gani. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka minane kuingia, kwa hiyo AZR60 kwao ilishafunga mlango. Sisi tunalipia ushuru wa uchakavu na kuendelea kuzipokea, kwa hiyo mzigo wa kuchambua umebaki kwa mnunuzi na kwa ukurasa wako, Mhariri.

Tangazo tunalolipendekeza halizidi nafasi mnayowauzia sasa:

"Toyota Noah ZRR70G, imetengenezwa 2009, injini 3ZR-FE, CVT, viti 8, haijawahi kubeba abiria wa kulipa. Cheti cha Japani kipo, kilomita zimeandikwa. Oili ya CVT ilibadilishwa mwaka jana. Mlango wa umeme wa kushoto unafunguliwa kwa mkono. Bei maelewano."

Mafundi wawili wa magari madogo,
Arusha